Mwanabiolojia wa ardhioevu na ubalozi wa kampuni za uwindaji: anza na maji

Vijana wanaopenda bata mwitu huuliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja. Nifanyeje niwe mwanabiolojia wa ardhioevu kule Marekani? Na nifanyeje niingie kwenye timu ya mabalozi wa kampuni ya vifaa vya uwindaji, ile ambayo Wamarekani wanaiita pro staff? Wanayauliza pamoja kana kwamba jibu ni moja. Si moja. Lile la kwanza ni taaluma: ina mshahara, ina ngazi za kupanda, ina kazi ya miaka thelathini. La pili ni mkataba wa kutangaza bidhaa, na kwa walio wengi malipo yake ni punguzo la bei. Tena zipo ajira za serikali ambazo ukishazipata, mkataba wa namna hiyo unaweza kukuponza.

Msimamo wangu ni huu: jifunze maji, mimea na udongo kwanza. Ubalozi ukija baadaye utakukuta una kitu cha kusema.

Lakini kwanza tuelewe kwa nini mambo haya mawili yanakaribiana kiasi hiki Marekani. Tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata na bata bukini mwenye miaka 16 au zaidi analazimika kununua stempu ya serikali kuu. Leo bei yake ni dola 25, na senti 98 za kila dola zinakwenda kununua au kukodi makazi ya ndege wa majini kwa ajili ya hifadhi za taifa za wanyamapori. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya Pittman-Robertson, ambayo inapeleka kwa majimbo kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki ndefu na risasi, ili majimbo yaendeshe kazi za wanyamapori. Kwa hiyo mtumishi wa jimbo anayesimama kwenye tope asubuhi akipima kina cha maji analipwa, kwa sehemu, na pakiti za marisau zilizouzwa dukani. Asiyetaka kuzungumza na wawindaji ataona kazi hii chungu, maana nusu ya mikutano yake itakuwa nao.

Krediti zinazowaangusha watu

Serikali kuu ya Marekani ina orodha yake ya kada, na mwanabiolojia wa wanyamapori yuko kwenye namba 0486. Ili ufuzu kwa njia ya masomo, unahitaji shahada ya sayansi ya viumbe yenye angalau krediti 9 za masomo ya wanyamapori (ndege, mamalia, ikolojia ya wanyama, usimamizi wa wanyamapori), krediti 12 za zoolojia, na krediti 9 za botania au sayansi za mimea.

Hapo kwenye botania ndipo watu wanapoanguka. Mwombaji ana shahada nzuri, ana kozi za ndege, ana alama za juu, lakini mimea alisoma kozi mbili za krediti tatu tatu. Jumla sita. Maombi yanakatwa na ofisa utumishi kabla mwanabiolojia yeyote hajayaona, wala hakuna wa kumwelezea kwamba unazijua nyasi kwa majina. Mwaka wa pili wa chuo, kaa na nakala ya matokeo yako na kalamu, uhesabu. Ikipungua, ongeza kozi ya utambuzi wa mimea, na kama chuo kina kozi ya mimea ya majini, usiikose. Ongeza pia sayansi ya udongo, takwimu pamoja na R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, na ramani za kompyuta. Sheria ya kada haikulazimishi kuyasoma haya ya mwisho, ila kazi yenyewe itakulazimisha.

Kwa wanaotoka Mweka, SUA au vyuo vya Kenya: shahada yako lazima ipitiwe na taasisi ya Marekani ya kutathmini vyeti vya nje. Kama jina la kozi halionyeshi wazi kuwa ni ya mimea, ambatanisha muhtasari wake, la sivyo itahesabiwa mahali pengine. Jua pia kwamba ajira za kudumu za serikali kuu kwa kawaida ni za raia. Mashirika ya hifadhi, kampuni za ushauri wa mazingira, vyuo na baadhi ya majimbo yana nafasi pana zaidi kwa mwenye ukaazi wa kudumu.

Njia inayowafaa wengi wetu ni shahada ya uzamili yenye ufadhili wa utafiti. Narudia: yenye ufadhili. Katika fani hii mwanafunzi wa uzamili kwa kawaida anafutiwa ada na kulipwa posho ya mwezi kwa sababu anafanya kazi ya mradi wa profesa. Mtu akijilipia uzamili wa ikolojia ya ndege wa majini kwa mkopo, atalipa deni hilo kwa miaka mingi kutoka kwenye mshahara usio mkubwa. Vyuo vyenye mizizi kwenye utafiti wa bata vinajulikana: Mississippi State, Missouri, Louisiana State (LSU), UC Davis. Kule Havana, Illinois, kuna kituo cha utafiti cha Forbes kilichoanza mwaka 1894 kando ya Mto Illinois, na taasisi inayokimiliki imekuwa ikihesabu bata kwa ndege tangu 1948.

Kinachoamua si fomu ya chuo. Kinachoamua ni barua pepe kwa profesa, na iandikwe kati ya Agosti na Novemba kwa ajili ya kuanza mwaka unaofuata. Iwe nusu ukurasa. Taja mradi wake mmoja uliousoma na swali moja ulilobaki nalo. Taja alama zako. Taja ujuzi mmoja unaoweza kupimwa. Hapa Afrika Mashariki tunao ujuzi huo na tunausahau: hesabu za ndege wa majini za kila Januari, zinazofanyika kwenye maziwa ya Kenya na Tanzania kama sehemu ya sensa ya dunia. Aliyesimama na darubini kwenye ufukwe wa magadi akakadiria kundi la maelfu tayari ana kitu. Mbinu ni kuhesabu ndege kumi mmoja mmoja, kuikariri ile nafasi wanayoijaza machoni, kuipanua iwe mia, kisha kuipitisha ile mia juu ya kundi zima. Kosa la kawaida ni kukadiria pungufu kundi linapokuwa kubwa na limesongamana. Andika kwenye barua ni ziwa gani, mwaka gani, na ulifanya hivyo mara ngapi.

Msimu wa kwanza

Kabla ya uzamili, au katikati yake, kuna kazi za msimu. Matangazo ya kazi za majira ya joto hutoka kuanzia Desemba hadi Machi, na mengi yanawekwa kwenye ubao wa ajira wa chuo cha Texas A&M, ambao fani nzima inausoma. Malipo ni madogo, ila nyumba mara nyingi inatolewa.

Kazi zenyewe ni hizi. Kwenye majimbo ya Dakota, katika nyika zenye maelfu ya mabwawa madogo yaliyoachwa na barafu ya kale, utatafuta viota: pikipiki mbili za magurudumu manne zinavuta mnyororo mrefu juu ya majani, bata jike anaruka, unasimama, unatafuta kiota kwa macho na kuweka alama ya kijiti mita chache pembeni, si juu ya kiota, maana mnyama mwindaji naye anajifunza kusoma vijiti. Kazi hii hufanyika asubuhi hadi mchana mapema, wakati majike wengi wamelalia. Yai moja unaliinua kwenye jua kupitia bomba jeusi ili uone ukuaji wa kiinitete na ukadirie siku ya kuanguliwa. Mwezi wa nane na wa tisa kuna kuwafunga bata pete za namba miguuni kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Katikati ya yote kuna kupima mimea kwa fremu ya mraba, siku baada ya siku, mbu wakiwa juu yako.

Jambo la usalama ambalo wageni hulipuuza: ile suruali ya mpira inayofika kifuani ina mkanda. Ufunge, na ufunge kwa kubana. Ukiteleza bila mkanda, maji yanaingia hadi miguuni na hutaweza kuinua mguu kupanda ukingo. Shika fimbo, pima mbele kabla ya kukanyaga, na usiingie peke yako kwenye maji baridi.

Ukirudi kuandika wasifu, weka hesabu: viota vingapi, pete ngapi, mashine gani umeendesha, kilomita ngapi za mistari ya mimea. Kwenye wasifu wa serikali kuu andika pia mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na saa kwa wiki. Ukiacha saa kwa wiki, uzoefu huo unaweza kuhesabiwa sifuri.

Shimo la sentimita 50

Sehemu kubwa ya ajira za ardhioevu katika sekta binafsi ni kuchora mpaka: hapa ni ardhioevu, pale si ardhioevu. Kitabu cha mwongozo ni cha jeshi la wahandisi la Marekani, cha mwaka 1987, pamoja na nyongeza za kila kanda. Kinataka ushahidi wa mambo matatu kwa pamoja: mimea inayostahimili maji, udongo uliokosa hewa, na dalili za maji yenyewe. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Mei 2023 katika kesi ya Sackett ilipunguza ardhioevu zilizo chini ya sheria ya serikali kuu, kwa kutaka ziwe na muungano wa maji usiokatika juu ya ardhi na mito au maziwa yanayolindwa. Tangu hapo sheria za kila jimbo zimepata uzito zaidi, na mtaalamu lazima azijue za jimbo analofanyia kazi.

Mimea ina orodha yake na madaraja matano, kutoka ile inayoota karibu siku zote kwenye ardhioevu hadi ile ya nchi kavu. Unachagua inayotawala kila tabaka, na ikiwa zaidi ya nusu ya hiyo iko kwenye madaraja matatu ya juu, kigezo kimetimia. Hilo linafundishika kwa wiki mbili. Udongo ndio unaotenganisha mtaalamu na mwanafunzi.

Chimba shimo la sentimita 50. Toa bonge zima kwa sepetu nyembamba, lilaze upande wake, lipasue kwa vidole, usilikate kwa kisu, maana kisu kinapaka rangi juu ya rangi. Chukua kipande, kinyunyizie maji hadi kisiendelee kubadilika rangi, kisha kilinganishe na kurasa za kitabu cha rangi cha Munsell jua likiwa nyuma ya bega lako. Vua miwani ya jua. Hili la miwani limeharibu ripoti nyingi, na kusoma udongo mkavu limeharibu nyingi zaidi.

Unatafuta nini? Udongo ukijaa maji, bakteria humaliza oksijeni, kisha hugeukia chuma. Chuma kile cha rangi ya kutu kinageuka kuwa cha aina inayoyeyuka, kinahama na maji, na udongo unabaki kijivu. Panapoingia hewa kidogo, hasa kando ya mzizi ulio hai, chuma kinagandia tena na kuacha mfereji mwembamba wa rangi ya chungwa. Ukiona udongo wa 10YR 4/1 (alama ya kijivu kwenye kitabu cha Munsell) wenye madoa hayo, tabaka la sentimita 15 lililoanza ndani ya sentimita 25 za juu, umepata moja ya dalili zinazokubalika zaidi. Lakini angalia kingo za yale madoa. Yakiwa na kingo zinazofifia taratibu, mchakato unaendelea leo. Yakiwa na kingo kali kama yamekatwa, huenda ni mabaki ya maji yaliyoondoka zamani, baada ya mkulima kuchimba mtaro. Anayeona rangi tu bila kuona kingo ataita shamba lililokaushwa miaka hamsini iliyopita ardhioevu.

Ukitaka utambuliwe rasmi, chama cha wanasayansi wa ardhioevu kina cheti cha mtaalamu kinachohitaji miaka mitano ya kazi juu ya masomo, na kuna ngazi ya chini yake kwa aliyemaliza chuo karibuni. Chama cha wanyamapori nacho kina mfumo wa aina hiyo. Chukua ngazi ya mwanzo mara tu unapohitimu.

Kushusha maji, ubao mmoja mmoja

Upande wa pili wa kazi ni kulisha bata bila kupanda kitu. Eneo lina matuta pande zote na lango la maji lenye mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine. Majira ya kuchipua unazitoa, maji yanashuka, tope linafunuliwa, na mbegu zilizolala kwenye udongo zinaota zenyewe.

Kila kitu kiko kwenye tarehe na mwendo. Ukishusha mapema, Persicaria, mmea wa majimaji ambao bata hula mbegu zake, ndiyo inayotangulia. Ukingoja joto, inakuja Echinochloa. Msomaji wa Kilombero au Mwea atashtuka hapa, kwa sababu Echinochloa ni gugu lile lile linalofanana na mpunga ambalo tunaling'oa kwa kulilaani. Na ndago nayo, ile inayomtesa mkulima wa bustani, jamii yake mojawapo ina viazi vidogo ambavyo bata huvichimba kwa uchu. Mmea haukubadilika. Aliyebadilika ni anayevuna.

Toa ubao mmoja, subiri, toa mwingine. Kushusha kwa wiki mbili au tatu kunaacha ukanda wa tope bichi unaosogea kidogo kidogo, na kila ukanda unaotesha mimea yake. Ukifungua lango lote siku ya joto kali, uso wa udongo unakauka na kufanya gamba, na kinachokuja ni Xanthium, lile gugu lenye mbegu za miiba, ambalo bata hawana haja nalo. Likiwa bado changa unaweza kuliua kwa kurudisha maji kwa siku chache, ila hakikisha mimea unayoitaka imeshapita kimo cha maji hayo, vinginevyo utaua yote. Kila baada ya miaka mitatu hivi eneo linahitaji kupigwa haro, kwa maana mimea ya kudumu na miti ya Salix huanza kutawala na mbegu hupungua.

Vuli ikifika unarudisha mbao, tena kwa utaratibu. Mallard, bata mwitu anayejulikana zaidi, na ndugu zake hawazami. Wanapindua mkia juu na kufikia chini kwa shingo. Kina kinachowafaa ni sentimita 10 hadi 25. Bwawa lenye sentimita 60 linapendeza kwenye picha, lakini chakula kipo chini na mlaji hakifikii. Jaza upande wa chini kwanza, kisha ongeza ubao kadiri bata wanavyomaliza.

Ukiulizwa eneo linatosha bata wangapi, usikadirie kwa macho. Tuseme vipimo vyako vimetoa kilo 500 za mbegu kwa hekta. Toa kilo 50, kiasi ambacho bata huacha kwa kuwa kutafuta kunagharimu kuliko kula. Zinabaki 450. Kila kilo ina takriban kilokalori 2,500 zinazotumika mwilini, hivyo una kilokalori 1,125,000. Mallard mmoja hutumia kama 292 kwa siku. Gawanya: karibu siku 3,850 za bata kwa hekta. Eneo la hekta 20 litalisha bata 700 kwa siku 110. Meneja wa eneo akiwa na hesabu hiyo mkononi anajua lini afungue sehemu ya pili.

Na hapa ndipo maarifa ya maji yanapogusa sheria ya uwindaji. Mimea ya asili iliyojiotea unaruhusiwa kuifyeka au kuilaza, ukaweka maji na kuwinda juu yake. Lakini Echinochloa uliyoipanda mwaka huu ukiifyeka ili mbegu zimwagike, eneo limekuwa la chambo, na kuwinda hapo ni kosa. Linabaki la chambo hadi siku 10 zipite baada ya mbegu zote kuondolewa. Ikijiotea yenyewe miaka inayofuata, inahesabiwa ya asili. Wawindaji wengi hawaijui tofauti hiyo, na hawa ndio watakaokuuliza ukiwa umevaa fulana ya kampuni.

Ubalozi wenyewe

Kampuni za filimbi za kuitia bata, bata bandia, risasi, mavazi na mashua huwa na mabalozi wa ngazi tofauti. Ngazi ya chini hupewa namba ya punguzo. Ya kati hupewa bidhaa bure kwa kiasi fulani. Wanaolipwa fedha ni wachache sana. Kazi inayodaiwa ni kusimama kwenye maonyesho ya kiangazi, kupeleka picha na video, kutumia bidhaa shambani na kurudisha maoni ya kweli.

Omba baada ya msimu kufungwa, Februari hadi Aprili, wakati kampuni zinapanga maonyesho. Barua fupi: unawinda au kufanya kazi wapi, siku ngapi kwa mwaka, aina gani za bata, unaweza kufundisha nini. Weka picha zinazoonyesha kifaa kikitumika. Rundo la ndege waliokufa halimshawishi msimamizi makini, na linamchukiza mtu ambaye hajawahi kuwinda. Ukiambiwa ununue kwanza kifurushi ndipo uitwe balozi, hujaajiriwa, umekuwa mteja.

Ijue bidhaa ndani nje. Filimbi ikigoma, tatizo mara nyingi ni mate au uchafu kati ya ulimi wa filimbi na kibao chake. Pitisha noti ya dola katikati, uvute taratibu. Ukilazimika kutoa ulimi, weka alama ya penseli pale ulipokuwa, kwa sababu ukirudi milimita moja nyuma sauti si ile. Kwenye risasi, eleza kwa nini risasi ya chuma hudai marisau makubwa zaidi: chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi yaliyotumika zamani, kinapoteza kasi haraka, kwa hiyo aliyezoea namba 4 ya zamani achukue namba 2 ya chuma. Na eleza chanzo cha sheria inayokataza kuwinda bata kwa marisau ya madini ya risasi, iliyokamilika nchi nzima mwaka 1991: bata humeza marisau hayo akidhani ni changarawe, firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu. Hapo mwanabiolojia anamzidi muuzaji yeyote.

Soma mkataba. Je, unakuzuia kutumia bidhaa za kampuni nyingine, hata zile wasizotengeneza? Picha zako wanazimiliki milele au kwa muda? Nani analipa mafuta na malazi ya maonyesho? Machapisho mangapi kwa mwezi? Bidhaa unazopewa badala ya kazi ni kipato mbele ya mamlaka ya kodi, kwa bei ya soko. Na tume ya shirikisho ya biashara inakutaka useme wazi, mahali panapoonekana, kwamba kampuni inakupa kitu kila unapoisifu bidhaa yake.

Kwa wanafunzi wenye viza, kuna mambo mawili mazito. Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi isipokuwa awe ndani ya msamaha uliowekwa, na msamaha unaotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Usiguse bunduki ya rafiki kabla leseni haijawa mfukoni. Pili, kupewa bidhaa kwa kutoa huduma kunaweza kuhesabiwa ajira isiyoruhusiwa. Peleka mkataba kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini, si baada.

Ukishaajiriwa serikalini mambo yanabanwa zaidi. Mtumishi wa serikali kuu haruhusiwi kutumia cheo chake kusifu bidhaa. Zawadi kutoka kwa anayefanya shughuli na ofisi yake, au anayesimamiwa nayo, zina kikomo cha dola 20 kwa mara moja na 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Suruali moja ya mpira inavuka kikomo hicho mara kadhaa. Mwandikie ofisa maadili, ambatanisha mkataba wote, na upate jibu la maandishi. Majimbo yana kanuni zake. Picha ukiwa na sare ya ofisi na filimbi ya kampuni mdomoni inatosha kuanzisha shauri. Na usitoe hadharani mahali pa kufungia pete wala namba za hesabu ya ndege ambazo bado hazijachapishwa. Wawindaji watafika kesho yake alfajiri.

Kazi moja ya balozi haina mgongano na mtu yeyote, na inafaa kufanywa hata bila mkataba. Wahimize wawindaji waliochaguliwa kwenye uchunguzi wa taifa wapeleke bawa moja la kila bata kwa bahasha waliyotumiwa, kwani wanabiolojia husoma manyoya ya mabawa hayo kujua umri na jinsia, na uwiano wa makinda kwa wakubwa ndio unaoonyesha uzazi wa mwaka huo ulivyokwenda. Na pete ikipatikana mguuni, iripotiwe kwenye reportband.gov kabla haijatundikwa kwenye kamba ya filimbi. Soma tarakimu zote, mara mbili, kwa mwanga wa pembeni. Kama zimechakaa usizikwangue. Maabara ya pete inaweza kuzifufua kwa kemikali. Andika tarehe, mji ulio karibu, na kama ndege alipigwa au aliokotwa akiwa amekufa.